Ngeli Zetu, Hifadhidata za Wenzetu: Kusaka Makala ya Kiswahili Mtandaoni

Ipo sentensi moja inayopendwa mno katika mapendekezo ya utafiti: "Mada hii haijawahi kushughulikiwa na mtafiti yeyote." Nami niliiandika nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, nikitamba kwamba nimegundua pengo kuhusu sauti ya mwanamke katika tendi za Lamu. Mbele ya jopo, mhadhiri mmoja aliniuliza swali fupi: "Ulitafuta kwa maneno gani?" Kumbe nilikuwa nimechapa anwani nzima ya pendekezo langu, maneno kumi na mawili ya Kiswahili, nikaambiwa hakuna matokeo, nami nikaamini. Pendekezo lilirudishwa na muhula mzima ukanipotea.

Makala haya yanalenga kumwepusha mwenzangu na aibu hiyo.

Yafaa tukumbuke kwamba hifadhidata aghalabu hulinganisha herufi ulizochapa na herufi zilizomo katika matini, maana haiijui. Sehemu kubwa ya makala yahusuyo Kiswahili katika hifadhidata kama JSTOR, iliyoasisiwa mwaka 1995, yameandikwa kwa Kiingereza. Humo lugha yetu huitwa "Swahili", na ndivyo ilivyo pia katika vichwa vya mada vinavyotumiwa na maktaba nyingi: "Swahili language", "Swahili poetry". Anayechapa "Kiswahili" pekee hujifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi limo katika sarufi. Miongozo mingi ya maktaba humfunza mwanafunzi kuweka kinyota mwishoni mwa shina ili apate maumbo yote ya neno. Kwa Kiingereza hila hii hufaa sana: "poet*" huleta "poet", "poets", "poetic" na "poetry" kwa pamoja. Lakini lugha yetu hubadilisha nomino mwanzoni. Tazama shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi. Ukichapa "shairi*" utapata "shairi" na kuyakosa hayo mengine manne. Wala usidhani utaponea kwa kukiweka kinyota mbele, kwani hifadhidata nyingi, JSTOR ikiwemo, hazikubali kinyota kianze neno. Walioziunda hawakuwa na ngeli akilini, na sioni haja ya kuwalaumu. Kazi ya kunyambua ni yetu.

Dawa ni kuyaorodhesha maumbo yote ndani ya mabano na kuyaunganisha kwa OR, yaani "au": (shairi OR mashairi OR ushairi OR mshairi OR washairi). Utanzu wa tendi unadai uangalifu zaidi, kwa sababu tofauti za lahaja huongezeka juu ya zile za idadi: (utendi OR utenzi OR tendi OR tenzi). Majina ya watu nayo hayana tahajia moja. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, huandikwa kwa maneno mawili na pengine kwa neno moja. Jina la maneno mawili litiwe katika alama za mtajo ili yasitenganishwe.

Baada ya hapo AND, yaani "na", huyakutanisha mafungu. Msako ambao ningepaswa kuufanya tangu awali ni huu:

("Mwana Kupona" OR Mwanakupona OR utendi OR utenzi OR tendi OR tenzi) AND (women OR woman OR gender OR mwanamke OR wanawake)

NOT itumiwe kwa hadhari kubwa. Ukiandika "NOT Tanzania" kwa kuwa unashughulikia Lamu, utayafukuza hata makala yaliyoitaja Tanzania mara moja tu katika tanbihi.

Hifadhidata moja haitoshi. JSTOR huchelewa kupokea matoleo mapya ya majarida mengi, mara nyingi kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa hivyo pitia pia African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, na Swahili Forum, jarida linalotolewa Ujerumani na kusomwa bila malipo. Usilisahau jarida la Kiswahili la TATAKI, Dar es Salaam. Matoleo ya kabla ya mwaka 2009 utayakuta chini ya jina la TUKI. Uwapo nje ya chuo, mwombe mkutubi nywila kabla hujakata tamaa kwa kudaiwa dola.

Nilirudi mbele ya jopo lile lile nikiwa na daftari. Humo nilikuwa nimeandika kila msako: tarehe, hifadhidata, maneno niliyochapa na idadi ya matokeo. Sentensi yangu ya majigambo ilikuwa imefutwa, na mada imepunguzwa hadi tendi mbili. Mhadhiri yule aliuliza swali lile lile, nami nikamkabidhi daftari. Alisoma kurasa mbili, akanirudishia, akaniambia niendelee.