Kwa Nini Mario Ana Masharubu

Kijana wa Ihanda, Karagwe, akiingia kwenye kibanda cha gemu leo, anachoomba ni mpira. Anachagua timu, analipa, kelele zinaanza. Lakini muulize kaka yake mkubwa, aliyekuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, atakutajia mashine nyepesi ya plastiki iliyochomekwa nyuma ya televisheni, kaseti ya njano, na jamaa mfupi mwenye kofia nyekundu anayekanyaga uyoga wenye miguu. Huyo ni Mario. Sasa ana zaidi ya miaka 40, na karibu kila kitu mwilini mwake kipo kwa sababu ya kiufundi.

Kampuni iliyomzaa, Nintendo, ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata. Gemu za elektroniki ilizivamia miaka ya 1970. Kufikia 1980 tawi lake la Marekani, chini ya Minoru Arakawa, lilikuwa limeagiza makasha yapatayo 3,000 ya mchezo uitwao Radar Scope, na theluthi mbili zikadoda ghalani. Kyoto wakamgeukia kijana mmoja, Shigeru Miyamoto, ambaye hakuwa mhandisi wala mwandishi wa programu. Alikuwa msanii, kazi yake kuchora. Akaambiwa, chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi, abuni mchezo mpya utakaoingia kwenye makasha yaleyale yaliyododa. Alitaka kumtumia Popeye, baharia wa katuni; haki zikakosekana. Ndipo akatunga wa kwake: sokwe mkubwa kamteka binti, na fundi seremala anapanda vyuma kwenda kumkomboa huku akirushiwa mapipa. Mchezo ukaitwa Donkey Kong, ukatoka Julai 1981, ukaokoa tawi la Marekani. Seremala mwenyewe hakuwa hata na jina la maana. Alijulikana kama Jumpman, yaani mrukaji.

Sasa chukua daftari la hesabu la shule ya msingi, lile la visanduku. Zungushia visanduku 16 kwenda juu na 16 kwenda kando. Kila kisanduku ni nukta moja ya mwanga kwenye kioo, na unaruhusiwa rangi tatu tu. Chora mtu humo. Utakwama usoni mara moja: mdomo ukiuchora unagongana na pua, na ukiiacha pua peke yake hakuna anayejua kuwa ni pua. Miyamoto aliweka pua kubwa, akaweka masharubu chini yake, na shida ya mdomo ikaisha. Nywele nazo zilimsumbua, kwa kuwa mtu akiruka nywele zinapaswa kupeperuka, na kila mpeperuko ni mchoro mwingine unaokula kumbukumbu ya mashine. Akamvika kofia. Mikono ikawa inapotelea kifuani, basi akampa ovaroli, ili mkono wa rangi moja uonekane ukipita mbele ya nguo ya rangi nyingine. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba dunia inahitaji shujaa mwenye masharubu. Nukta hazikutosha, basi.

Jina lilikuja baadaye, nalo lina kisa chake. Husimuliwa kwamba mwenye ghala walilopanga Nintendo kule Tukwila, jirani na Seattle, alifika kudai kodi iliyochelewa, akawaka mbele ya wafanyakazi. Aliitwa Mario Segale. Alipoondoka, wakampachika seremala wao jina lake. Segale mwenyewe hakupenda kujulikana kwa hilo. Alifariki mwaka 2018 akiwa mfanyabiashara tajiri wa ujenzi na ardhi. Mwaka 1983, katika Mario Bros., mchezo ulihamia chini ya ardhi penye mabomba, seremala akageuzwa fundi bomba na kupewa ndugu, Luigi, ambaye hapo mwanzo alikuwa Mario yuleyule kwa rangi nyingine.

Mwaka uliomfanya Mario awe Mario ni 1985. Super Mario Bros. ilitoka Japani tarehe 13 Septemba, kazi ya Miyamoto na Takashi Tezuka, muziki wa Koji Kondo. (Mwaka huohuo Franco na OK Jazz yake walitoa wimbo wao uitwao Mario, wa kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha. Kwa watu wa rika langu Kagera, huyo ndiye Mario wa kwanza.) Mchezo mzima, pamoja na michoro, ulikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwenye WhatsApp kwa kawaida ni kubwa kuliko hapo. Ubahili huo unauona ukitazama kwa makini: wingu na kichaka ni mchoro mmoja, umepakwa nyeupe angani na kijani ardhini. Yule uyoga mbaya anayekuja akitembea ana picha moja tu, inayogeuzwa kushoto na kulia ili aonekane anapiga hatua.

Hata hivyo, ninachokiheshimu zaidi kuliko ubahili ni ualimu wa mchezo huu. Mchezo unapoanza, Mario amesimama upande wa kushoto na mbele yake pako wazi, kwa hiyo unakwenda kulia. Uyoga mbaya unakujia: usiporuka unakufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza hujapoteza kitu. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza; ukiligonga kwa kichwa unatoka uyoga mwingine, unateleza hadi kwenye bomba, unajigonga na kukurudia. Kuukwepa ni kazi. Unakugusa, unakua mrefu, na tayari umejua kwamba huu ni mwema. Hapakuandikwa maelekezo hata mstari mmoja. Ndiyo maana mtoto wa Karagwe aliyekuwa akizungumza Kinyambo nyumbani na Kiswahili darasani aliucheza sawasawa na mtoto wa Osaka.

Mashine tulizozijua huku, nyingi hazikuwa za Nintendo hata kidogo. Zilikuwa nakala kutoka Taiwani na China. Ukiifungua moja, hukuti safu ya vipande kama kwenye redio ya zamani. Unakuta kibao chembamba chenye tone jeusi la gundi ngumu katikati, na chini ya tone hilo ndimo ilimobanwa kompyuta nzima ya mashine ya Nintendo ya 1983. Likifa tone, fundi hana la kufanya isipokuwa kukurudishia mzigo wako. Kilichobaki ni nyaya zilizolehemiwa kwa waya wenye bati, madini yaleyale yanayochimbwa Kyerwa tangu enzi za ukoloni. Kaseti zake zilijisifu kuwa na michezo 9,999. Ukiihesabu ni michache, inayojirudia kwa majina tofauti. Nintendo haikupata senti katika hayo, lakini ilipata watu wanaomjua Mario mahali ambapo haijawahi kufungua duka.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1996 Mario alianza kuzunguka pande zote katika Super Mario 64, akiwa na sauti ya Charles Martinet, aliyeiacha kazi hiyo mwaka 2023. Waziri Mkuu wa Japani wa wakati huo, Shinzo Abe, alivaa kofia yake katika kufunga Olimpiki ya Rio 2016. Filamu ya 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Kwenye simu alikuja kwa kusitasita, na mtoto wa leo wa Omurushaka mwenye simu ya mzazi anamjua zaidi yule mkimbiaji wa reli wa Subway Surfers, kutoka Denmark. Kwangu hilo ni kosa la Nintendo la kibiashara. Mtoto hana lawama.

Walimu wa sekondari za Karagwe na Kyerwa zenye chumba cha kompyuta, nina ombi. Scratch, programu ya kutengenezea gemu iliyobuniwa chuo cha MIT cha Marekani, ni ya bure, ina Kiswahili, na ikishapakiwa kwenye kompyuta haihitaji bando. Ipakieni, kisha wapeni wanafunzi visanduku 16 kwa 16 na rangi tatu.