Presha ipimwe hadi Enguserosambu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dakta George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja Umasaini na wenzake, wakawapima wanaume 400 pamoja na wanawake na watoto. Kilichowaleta ni fumbo la kitabibu: inakuwaje watu wanaoishi kwa maziwa na nyama wasiugue moyo, ilhali Marekani vyakula hivyo ndivyo vinavyolaumiwa? Ripoti ya mwaka 1964 ilisema kuwa dalili za mishipa kuziba zilikuwa chache mno, au hazikuwapo kabisa. Mwaka 1972 wakatoa ripoti nyingine, baada ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Humo walikuta kuta za mishipa ya moyo zimenenepa kwa mafuta sawasawa na za wazee wa Kimarekani. Tofauti ni kwamba mishipa ya Wamasai ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, na damu ikapata njia. Mann aliona kwamba huenda kinga ilitokana na ukakamavu wa mwili, yaani maisha ya kutembea na mifugo kutwa nzima.

Utafiti huo ulizunguka dunia. Hadi leo hutajwa katika mijadala ya chakula na moyo. Lakini umeacha dhana moja yenye madhara: kwamba Mmasai hana presha, kwa hiyo hakuna haja ya kumpima.

Enguserosambu ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya, kando ya msitu mkubwa wa milimani unaobeba jina hilohilo. Wafugaji wa huko bado wanatembea. Lakini unga wa sembe, sukari, chumvi na mafuta ya kupikia vimeshaingia bomani, na vijana wengi wa Kimasai wameondoka kwenda kulinda majumba Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar. Mambo haya mawili, chakula na uhamaji, Afrika Mashariki imeyachunguza vizuri kuliko watu wengi wanavyojua. Mwaka 1969 A. G. Shaper na wenzake walieleza katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki yale yaliyojitokeza katika miili na presha za morani wa Kisamburu walipoingia jeshini Kenya. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake wakachapisha utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache tu presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za ndugu zao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka huku potasiamu ikipungua. Watu walikuwa wa damu moja na kabila moja. Kilichobadilika ni maisha.

Kwa hiyo kijana wa Enguserosambu anayerudi nyumbani baada ya miaka kumi ya ulinzi mjini anastahili kupimwa kama Mtanzania mwingine yeyote. Na Watanzania wengine hali yao tunaijua. Utafiti wa Ilala na Hai uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye presha ya juu, chini kidogo ya asilimia 20 walijua kuwa wanayo, kama asilimia 10 walikuwa kwenye matibabu, na waliodhibitiwa hawakufika asilimia 1. Hai ni wilaya ya Kilimanjaro, yenye barabara, hospitali na zahanati kila upande. Kama huko hali ilikuwa hivyo, kwa kata ya mpakani hatuna sababu ya kutulia.

Nianze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika kwanza. Mtu ametoka bomani alfajiri, amepanda na kushuka vilima, amefika zahanati jua likiwa kali. Anaitwa, anakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, muuguzi anamuuliza maswali huku mashine inajaza upepo. Namba inayotoka hapo haifai kuandikwa kwenye cheti. Anatakiwa kwanza apumzike walau dakika tano, mgongo uegemee, nyayo zikae chini, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji kiti, meza na subira.

Kuna pia suala la mkanda unaofungwa mkononi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 liliwapima watu walewale kwa mikanda ya saizi tofauti. Waliohitaji mkanda mdogo wakafungwa wa kawaida, namba ya juu ya presha ilisomeka pungufu kwa takribani 3.6. Waliohitaji mkanda mkubwa kuliko yote wakafungwa huohuo wa kawaida, ikasomeka zaidi kwa 19.5. Wafugaji wengi wana mikono myembamba, na zahanati yenye mkanda wa saizi moja itawaambia baadhi yao kuwa wako salama wakati hawako salama. Mfanyabiashara mnene wa mjini naye ataanzishiwa dawa ambazo pengine hazihitaji.

Umeme nao una historia yake. Kwa miongo mingi kipimo cha kuaminika kilikuwa kile cha zebaki, ambacho hakihitaji umeme, lakini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umekiondoa kwa sababu zebaki ni sumu. Kipimo cha mshale kinachukua nafasi yake, ila kinapoteza usahihi kisipokaguliwa mara kwa mara. Ndiyo maana nathamini kazi iliyochapishwa mwaka 2010 na Gianfranco Parati na wenzake: mashine ya kielektroniki ya bei nafuu inayochajiwa kwa jua, iliyojaribiwa Uganda na Zambia sambamba na ya zebaki, ikafaulu. Watafiti wa King's College London nao wakatengeneza kifaa cha CRADLE kwa ajili ya wajawazito. Kinawasha taa ya kijani, ya njano au nyekundu, hivyo hata mhudumu asiyesomea udaktari anajua mama yuko hatarini. Kilijaribiwa katika nchi kadhaa, Uganda ikiwamo, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Madhara kwa akina mama yalipungua katika kipindi hicho, lakini watafiti hawakuweza kuthibitisha kwamba kifaa ndicho kilichoyapunguza. Naichukua taarifa hiyo kwa uzito. Taa nyekundu ikiwaka Enguserosambu usiku wa mvua, mama anahitaji dawa ya kuzuia kifafa cha mimba pale pale na gari la kumfikisha Hospitali ya Wasso. Kifaa peke yake hakimbebi.

Upande wa dawa, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019, liliwahusisha Waafrika weusi wa nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Lililinganisha dawa mbilimbili, na likaonyesha kwamba amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kukojosha, au ikiunganishwa na perindoprili, inashusha presha vizuri kuliko mbili hizo zikitumika bila amlodipini. Mwaka 2024 Dike Ojji wa Nigeria na wenzake wakatoa matokeo ya kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo. Baada ya miezi sita asilimia 82 ya waliokitumia walikuwa chini ya 140/90, dhidi ya asilimia 72 ya waliopata matibabu ya kawaida. Tiba ya kuunguza mishipa ya fahamu ya figo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, tuwaachie wenye maabara za moyo. Kwa mfugaji anayefuata malisho, kidonge kimoja kwa siku kinachotolewa cha miezi mitatu kwa mara moja kina thamani kubwa kuliko ugunduzi wowote wa mitambo. Watanzania tulishaelewa maana ya dawa mseto kwenye malaria. Tuielewe na kwenye presha.

Wilaya hiihii ya Ngorongoro ndiyo iliyoshuhudia maelfu ya watu wakimiminika Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wenye presha walikuwa wengi katika foleni ile. Siwalaumu. Walichofuata ni dawa inayonywewa mara moja, kwa bei wanayoimudu, kutoka kwa mtu aliyewapokea kwa heshima. Na mti uliotumika, mugariga, ambao Wamasai huuita olamuriaki, si mti wa kupuuzwa: watafiti wa Ethiopia walionyesha mwaka 2004 kwamba dondoo zake huongeza mkojo kwa panya. Dawa za kukojosha ni miongoni mwa dawa za kwanza za presha. Lakini panya si mtu, na kikombe si dozi. Reserpini, moja ya dawa za awali za presha, ilitoka kwenye mzizi wa Rauvolfia uliotumika India kwa karne nyingi. Ikawa dawa ya hospitali baada ya kutenganishwa mwaka 1952, kupimwa na kuandikiwa kipimo chake pamoja na madhara yake, likiwamo la kumtia mgonjwa huzuni nzito. Msitu wa Enguserosambu ni duka la dawa la Wamasai na Wasonjo. Mizizi na magome yake yanastahili utafiti wa namna hiyo, na wenye msitu wakitambuliwa kama wenye maarifa.

Dawa za bei nafuu na vipimo vinavyofanya kazi bila umeme wa gridi vipo tayari, na vimejaribiwa kwa Waafrika. Ombi langu kwa Wizara ya Afya, Bohari ya Dawa na Halmashauri ya Ngorongoro ni dogo. Kila zahanati ya kata za mpakani ipewe mashine iliyothibitishwa, inayochajiwa kwa jua, yenye mikanda ya saizi zote. Dawa mseto za presha ziwekwe kwenye orodha ya dawa zisizokatika, na mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapime watu minadani, mahali ambapo wafugaji hukutana hata hivyo. Na wewe msomaji mwenye mzazi kijijini, mfugaji au mkulima, usingoje apooze upande mmoja: ukienda safari ijayo, mpeleke akapimwe, na kama ameshaanza dawa, usimwache aziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.