OUTSTANDING: neno la sifa lenye linaweza pia kukudai deni



Wengi kati yetu tulisomea mu Kifaransa, na sasa tunaomba kazi na nafasi za masomo kwa barua za Kingereza. Kuna neno moja lenye tunapashwa kulijua vizuri mbele ya kujibu barua hizo: "outstanding".

Maana ya kwanza ni sifa. Neno limeundwa na "out", nje, na "stand", kusimama. Ni kitu chenye kimetokeza, kama mutu murefu katikati ya kundi: hata ukiwa mbali unamuona. Kifaransa kinasema "remarquable" ao "exceptionnel". "She is an outstanding student" haimaanishi tu kwamba anasoma vizuri, ni kwamba amepita wenzake. Kule Uingereza, wakaguzi wa shule wa Ofsted walitumia neno hili kwa miaka mingi kama daraja ya juu kabisa kati ya 4. "Good" ilikuja chini yake.

Kwa hiyo usilitupe ovyo mu barua ya kazi. Mutu mwenye alimaliza na "satisfaction" akijiita "outstanding student", diplome yake itamukanusha. Afazali uchague jambo moja lenye ulifanya vizuri sana, uliseme na ushuhuda wake. Tena "very" haihitajiki, sababu neno lenyewe limekwisha kufika juu. Ukitaka kulitia nguvu, sema "truly outstanding".

Maana ya pili njo inaangusha watu. "Outstanding" ni pia kitu chenye hakijamalizika: deni halijalipwa, kazi ingali inangojewa, karatasi haijafika. "Outstanding balance" ni pesa zenye ungali unadaiwa.

Tuchukue mufano. Umeomba nafasi kwenye chuo kikuu cha inje, unapata ujumbe huu: "There are outstanding documents in your application. Deadline: 30 June." Ukiusoma kama pongezi, utafurahi, utaonyesha familia, kisha utakaa kungojea. Kumbe wamekuambia kwamba kuna karatasi zinakosekana mu dosie yako na mwisho wa kuzituma ni tarehe 30 mwezi wa sita. Tarehe ikipita, dosie inafungwa, na mwaka muzima umepotea.

Namna gani kutofautisha? Angalia neno lenye linafuata:

1. Likiwa mutu, kipaji ao matokeo ("student", "talent", "results"), ni sifa.
2. Likiwa pesa, karatasi ao swali ("payment", "fees", "documents", "issue"), ni kitu kinangojewa.
3. Ukikuta "still outstanding" ao "remains outstanding", mara nyingi ni kile hakijaisha.

Kuna maneno yenye yanakubali maana zote mbili. "Outstanding work" inaweza kuwa kazi bora sana, ao kazi yenye bado hujarudisha. Hapo soma barua yote: kama kuna tarehe ya mwisho ao wanakuomba kutuma kitu, usijipongeze kwanza.

Ukiwa na mashaka, andikia ofisi siku ileile: "Could you please tell me which documents are missing?" Ni sentensi fupi, ya heshima, na haikupunguzii maksi hata moja.