Je, Wajua? Si Kila "-ly" ni Kielezi

Je, wajua kwamba maneno ya Kiingereza "friendly", "lovely" na "cowardly" ni vivumishi, si vielezi? Ondoa "-ly" uone kinachobaki. Kikibaki kivumishi, kama "slow", basi "slowly" ni kielezi. Ikibaki nomino, kama "friend" au "coward", neno zima kwa kawaida ni kivumishi.

Chanzo chake ni cha kale. Kabla ya mwaka 1100, Kiingereza kilikuwa na viambishi viwili: "-lic" cha kuunda vivumishi na "-lice" cha kuunda vielezi. Irabu ya mwisho ilipodondoka, vyote viwili vikaishia kuwa "-ly". Irabu hiyohiyo ndiyo iliyotenganisha kielezi na kivumishi katika "fast" na "hard". Ilipopotea, kila neno likabaki na umbo moja kwa kazi zote mbili.

Jihadhari na "hardly". "She works hard" humsifu mchapakazi. "She hardly works" humsema asiyefanya kazi ila kwa nadra.

Nomino nazo hugeuka: katika "go home", "home" ni kielezi, ndiyo maana haitanguliwi na "to".