Je, Wajua? Mimba Zitolewazo kwa Siri

Je, wajua ya kwamba mwaka 2013 wataalamu walikadiria kuwa mimba takriban 405,000 zilitolewa nchini Tanzania, yaani 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa kwa madhara yake?

Je, wajua ya kwamba tafiti za miaka ya 1990 katika hospitali za Dar es Salaam zilidhihirisha kuwa aghalabu waliotoa mimba kwa siri walikuwa vijana wasioolewa, wasiotumia njia yoyote ya uzazi wa majira?

Je, wajua ya kwamba, ijapokuwa sheria hairuhusu kutoa mimba ila kwa kuokoa uhai wa mama, tiba ya aliyeharibikiwa mimba, kwa sababu yoyote iwayo, ni halali? Basi atokwaye na damu nyingi, au ashikwaye na homa na maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali upesi, pasipo kushutumiwa, kwani uhai ni amana.