Fahamu: Sam Ntiro ni nani katika uchoraji wa Tanzania?

Sam Joseph Ntiro (1923–1993) alikuwa mchoraji mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, na mmoja wa waasisi wa uchoraji wa kisasa Afrika Mashariki.

Alisomea wapi?

Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, aliyewahimiza wanafunzi wachore maisha ya kwao. Kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, 1952 hadi 1955.

Alichora nini?

Kijiji kikiwa kazini: watu wanalima pamoja, wanavuna, wanajenga, ng'ombe wanakunywa maji. Watu wake ni wadogo, wengi, mara nyingi hawana sura za kutambulika. Milima na migomba huwazunguka. Baadhi ya wahakiki waliuona mtindo huo kuwa wa kitoto. Naona walikosea: anayechorwa ni jamii nzima, si mtu mmoja. Aliyekulia Bariadi, ambako shamba la pamba huhitaji mikono mingi, atazielewa picha hizo bila maelezo.

Kwa nini jina lake ni kubwa?

Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliingiza katika mkusanyiko wake mchoro wa Ntiro wa 1956, wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku.

Na siasa?

Baada ya Uhuru wa 1961 aliiwakilisha Tanganyika London kama balozi. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni, na alifundisha pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuacha kuchora.