Uza antena ya kuficha, isirudi

Mimi nauza vifaa vya redio za magari mtandaoni. Wenye magari ya zamani hawataki kutoboa bodi, ndo maana wananunua antena ya kuficha. Mzigo ukirudi, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Kwa hiyo kabla sijatuma, namuuliza mteja haya:

1. Gari lina volti ngapi? Amplifaya ndogo ya antena hii inataka 12. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitoka na volti 6.

2. Waya gani wa betri umefungwa kwenye bodi? Morris Minor zilitoka na chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukiunga kichwa kichwa, amplifaya inaweza kuungua.

3. Ataibandika wapi? Bati linazuia mawimbi. Kwenye kioo ndo penyewe, waya unyooshwe, usikunjwe.

Naomba na picha ya betri, maana wengi walishabadilisha mfumo wa umeme. Dakika tano za maswali zinaokoa hela yako na jina lako.

Bidhaa yako wewe ina maswali gani ya lazima? Tuandikie hapo chini.